Kinmen: Usiku Maji Yalipopwa

Onga mshi kwa ndugu zangu Wasambaa mlio Korogwe mjini, Mombo na Mazinde. Na ninyi Wazigua wa Handeni, Mkata, Segera na Kwamsisi, wakubwa shikamooni. Vijana mnaotaka kunipa shikamoo na mimi, basi marahaba, nimeipokea kabla haijafika.

Kama uko sokoni, sogeza redio karibu kidogo. Kama umo kwenye basi la Handeni, mwombe dereva aongeze sauti, maana leo tunakwenda mbali. Tunakwenda China, kwenye kisiwa kimoja kidogo kiitwacho Kinmen, na tunakwenda usiku wa manane, tarehe 25 Oktoba 1949. Naomba uishike tarehe hiyo: 25 Oktoba. Tutairudia baadaye.

Kwa nini China? Kwa sababu ninyi wenyewe mmeniuliza. Kila taarifa ya habari ikitaja China na Taiwan, ujumbe unaingia humu studio: hawa ni nchi moja au mbili? Walikosana lini? Na sisi Watanzania tuko upande gani? Nikaona badala ya kujibu kwa mkato, nianze pale ugomvi wao ulipokwama. Maana ugomvi ule haukwisha, msikilizaji. Ulikwama. Na ulikwamishwa na jambo ambalo mvuvi yeyote wa Pangani angekueleza bila kufungua kitabu: maji kujaa na maji kupwa.

Haya, tuanze.

China ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Upande mmoja kulikuwa na chama cha Kuomintang cha Jenerali Chiang Kai-shek, ndicho kilichoshika serikali. Upande wa pili Wakomunisti wa Mao Zedong. Walianza kupigana mwaka 1927, wakaacha nusunusu Wajapani walipoivamia nchi yao, na Wajapani waliposhindwa mwaka 1945, wakarudiana. Safari hii Mao ndiye aliyepata nguvu. Jeshi lake lilikuwa la watoto wa wakulima, watu wa kutembea kwa miguu, na kwa miguu hiyo hiyo waliteremka kutoka kaskazini hadi kusini wakiuchukua mji baada ya mji. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao akasimama mjini Beijing akaitangaza Jamhuri ya Watu wa China. Chiang naye alikuwa anahamishia Taiwan askari wake, hazina ya dhahabu, hata vyombo vya thamani vya majumba ya wafalme wa zamani.

Sasa ukiangalia ramani ya China ya Oktoba ile, bara karibu yote ilikuwa imekwenda kwa Mao au ilikuwa njiani kwenda. Vilibaki visiwa.

Kinmen iko mkabala na mji wa Xiamen, katika mkoa wa Fujian. Hali ya hewa ikiwa safi unaiona kwa macho kutoka ng'ambo. Xiamen yenyewe ni kisiwa, na Wakomunisti waliiteka tarehe 17 Oktoba. Basi nawe jiweke pale: umepigana miaka, umeshinda majeshi makubwa, Xiamen umeichukua kwa siku chache, na mbele yako kuna kisiwa kingine kidogo ambacho unakiona pale. Utasemaje? Utasema hiki nacho ni cha kumalizia tu. Jenerali Ye Fei, mkuu wa jeshi lililokuwa pale, alikuwa ameelemewa na kazi ya kuuweka sawa mji wa Xiamen, chakula, umeme, watu. Shughuli ya Kinmen akawaachia walio chini yake.

Hapa, msikilizaji, nataka twende polepole, kwa sababu vita hii ilishindwa kabla risasi ya kwanza haijalia. Ilishindwa kwenye vyombo.

Jeshi la watembea kwa miguu halikuwa na meli. Ikabidi wakusanye majahazi na mashua za wavuvi kando ya pwani ya Fujian, pamoja na manahodha na mabaharia wa kuziendesha, maana askari wenyewe wengi hawakuijua bahari. Vyombo vingine Kuomintang walikuwa wameviondoa au kuviharibu walipokuwa wakirudi nyuma. Shambulio likaahirishwa. Mwishowe zikapatikana mashua za kubeba kundi moja tu, watu kama 9,000 wa vikosi vitatu. Hesabu yao ikawa hivi: mashua ziwapeleke hawa usiku, ziwashushe, zirudi upesi kuchukua kundi la pili, zivuke tena. Mashua zilezile. Sikiliza vizuri: mpango wote ulitegemea mashua kurudi.

Na jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko wengi wanavyolichukulia. Vikosi vile vitatu vilitoka kwenye divisheni tatu tofauti, na hakuna hata kamanda mmoja wa divisheni aliyepanda mashua nao. Wakubwa wangevuka baadaye, na kundi la pili. Kwa hiyo usiku ule watu 9,000 walikwenda bila mkubwa mmoja wa kuwaambia wote fanyeni hivi.

Upande wa Kinmen hali ilikuwaje? Kuomintang walikuwa wamechoka, kweli, lakini walikuwa wanapokea askari wapya kwa njia ya bahari siku zilezile, na walikuwa wamejenga ngome ufukweni. Wenyeji wa kisiwa ndio waliolipia. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakichukua mbao, wakachukua na milango. Milango ya nyumba za watu, ikatumika kuezekea mahandaki. Hata mawe ya makaburi yalichukuliwa. Fikiria bibi kikongwe anayelala bila mlango, halafu anaambiwa analindwa.

Basi usiku ukafika. Kwa kalenda ya Wachina ilikuwa siku ya nne ya mwezi. Mwezi mchanga, umetua mapema, giza totoro. Wenzetu wa pwani mnanielewa nikisema mwezi ukiwa ndio umeandama, bahari inakuwa na bamvua. Maji yanapanda juu kuliko kawaida, na yakitoka, yanatoka mbali. Mtu wa Handeni asiyewahi kuiona, siku moja ashuke mpaka Pangani akasimame ufukweni siku ya bamvua. Asubuhi jahazi linaelea, mchana lile lile limelala ubavu juu ya mchanga, na watoto wanacheza mpira kando yake.

Waliondoka gizani. Upepo na mkondo vikawatawanya, mashua za kikosi hiki zikaangukia kwenye eneo la kikosi kile. Wakafika pwani ya kaskazini magharibi ya kisiwa kuanzia saa saba na nusu, saa nane usiku, maji yakiwa yamejaa. Inasimuliwa kwamba walinzi wa Kuomintang walizinduka kwa ajali: askari wao wa doria alikanyaga bomu la ardhini ambalo wao wenyewe walilitega. Mlipuko ukalia, taa za kumulika zikawashwa, na juu ya maji wakaonekana watu.

Na hapa kuna mambo mawili ambayo kama ningeyatunga mimi mngesema mtangazaji anatia chumvi. La kwanza ni vifaru. Siku iliyotangulia Kuomintang walifanya mazoezi na vifaru ufukweni, na kimoja kikaharibika pale pale mchangani. Vifaru vingine viwili vikabaki na mwenzao. Usiku huo, katika pwani yote ile ndefu, washambuliaji wakashuka mbele ya vifaru vitatu ambavyo havikupaswa kuwepo. La pili ni meli. Meli moja ya Kuomintang iitwayo Zhong Rong ilitakiwa kuwa imeondoka. Haikuondoka. Mabaharia wake walikuwa na biashara yao ya pembeni: wameleta sukari, wanasubiri kupewa mafuta ya karanga. Karanga za Kinmen zinasifika. Basi meli ikalala pale kwa ajili ya mafuta, na alfajiri ikawa inazipiga mashua kwa mizinga kutoka baharini.

Lakini vifaru na meli peke yake visingetosha. Kilichomaliza kazi ni maji. Askari walishuka, wakakimbilia ndani ya kisiwa, na kwa saa chache walikuwa wanasonga mbele. Nyuma yao maji yakaanza kupwa. Mashua zikakaa. Nyingine zilinasa kwenye vizuizi vilivyotegwa ufukweni, nyingine ziligusa mchanga zikaelemea upande, na nahodha akaona maji yanamkimbia. Hakuna cha kusukuma. Mashua ya mbao iliyojaa haisukumwi kwenye matope. Kulipopambazuka, mashua zote zilikuwa zimekaa juu ya mchanga mkavu, zikapigwa, zikachomwa moto. Hakikurudi chombo hata kimoja.

Kundi la pili lilikuwa ng'ambo, limejipanga, linasubiri mashua. Walichokiona ni moshi.

Nairudia, kwa wale mliofungua redio sasa hivi: tunazungumzia vita ya kisiwa cha Kinmen, Oktoba 1949, na nasema mashua za kundi la kwanza ndizo zilizokuwa za kundi la pili, na maji yalipopwa zilikwama zote. Walioshuka wakabaki upande mmoja, wenzao upande mwingine, na bahari katikati.

Vita ilikwenda siku tatu. Ilikuwa nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Guningtou, hasa kijiji cha Beishan. Pale ipo nyumba moja ya ghorofa ya mtindo wa Kizungu, iliyojengwa kabla ya vita. Kuta zake mpaka leo zimejaa matundu ya risasi. Usiku wa pili ng'ambo walijitahidi, wakapata mashua chache, wakavusha watu wachache zaidi. Hao nao wakaingia katika shimo lile lile. Kuomintang kwa upande wao walikuwa wanapata nguvu mpya. Jenerali Hu Lian alifika kisiwani tarehe 26 na kushika uongozi. Asubuhi ya tarehe 27 waliobaki walikuwa wamebanwa ufukweni chini ya majabali, hawana risasi, hawana maji ya kunywa. Kati ya wale waliovuka, karibu wote waliuawa au walitekwa.

Siku mbili baadaye Mao aliwapelekea makamanda wake wote telegramu ya onyo. Aliwatajia makosa mawili: kumdharau adui, na haraka. Kwa jeshi lililozoea kushinda, yalikuwa maneno mazito.

Na walijifunza, hilo tuwape haki yao. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 1950, walikivamia kisiwa kikubwa zaidi cha Hainan kule kusini, wakakichukua. Kabla ya hapo walikaa miezi baharini wakiwafundisha askari kuogelea, kupiga makasia, kusoma upepo. Na Hainan ilikuwa na kitu ambacho Kinmen haikuwa nacho: wapiganaji wenyeji wa Feng Baiju waliokuwa msituni kisiwani humo kwa zaidi ya miaka 20, wakiwapokea wenzao ufukweni. Kinmen hakuna aliyewapokea.

Haya. Tupumzike China kidogo, turudi nyumbani, maana najua kuna mzee Korogwe anayetikisa kichwa na kusema, huyu kijana anazungumzia visiwa vya Wachina, amesahau vyetu?

Sijasahau, mzee wangu. Ninyi mnaopita darajani kila siku mkielekea sokoni, huu mto wetu, wengine mnauita Pangani na wazee wanauita Ruvu, ndio unaomnywesha hata mtu wa Handeni kupitia bomba. Karne ya 19 mto huu ulikuwa na watu katikati yake. Korogwe ya zamani ilikuwa kisiwani. Maurui vilevile. Wazigua na Waruvu waliishi juu ya visiwa vya mto, mashamba wakalima kando, usiku wakarudi majini. Mtu haachi ardhi yote hii akaenda kubanana kisiwani kwa kupenda upepo. Walikuwa wanajilinda.

Wakijilinda na nani? Na sisi kwa sisi. Wazigua, Wasambaa, Wabondei, Wanguu, sote ni Waseuta, tunasikilizana lugha bila mkalimani. Lakini alipofariki mfalme Kimweri ye Nyumbai kule Vuga, mwanzoni mwa miaka ya 1860, nyumba ya Wakilindi iligawanyika. Mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti Vuga juu mlimani. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa huku chini Mazinde, kwenye njia ya misafara, na njia ya misafara ndiyo iliyoleta bunduki na baruti kutoka pwani. Mlimani kulikuwa na heshima na mvua, bondeni kulikuwa na bunduki. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860 Semboja akampindua Shekulwavu, mtoto wa nduguye, akamtoa Vuga. Wabondei nao wakainuka dhidi ya Wakilindi. Vita ile haikutulia mpaka Wajerumani walipoingia, na katika muda wote huo watu walikamatwa na kuuzwa pwani kama mbuzi. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi kipindi kile, aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Kitafuteni.

Sisemi kwamba katika Ruvu yetu palipiganwa vita kama ya Kinmen. Nasema hesabu ilikuwa moja. Nyakati ambazo ndugu wanawindana, anayekaa ng'ambo ya maji anapata usingizi ambao wa nchi kavu haupati. Mwenye bunduki nyingi akifika ukingoni inambidi aanze kuuliza: nani ana mtumbwi? Na ukishaanza kuuliza hivyo, umeshakuwa mhitaji.

Turudi China. Nini kilifuata?

Kwa Taiwan, siku zile tatu zilikuwa kama mtu aliyekuwa anateleza akapata mahali pa kushika. Walikuwa wameshindwa kila mahali, hapa wameshinda. Wakapata muda. Na muda ndio uliowaokoa, kwa sababu Juni 1950 vita ya Korea ikazuka, na Rais Truman wa Marekani akapeleka manowari kwenye mlangobahari wa Taiwan. Kutoka hapo kuvuka kukawa jambo jingine kabisa.

Lakini Kinmen haikupata raha. Tarehe 23 Agosti 1958 mizinga ya bara ilianza kukipiga kisiwa kile, na haikunyamaza kwa siku 44. Mabomu karibu laki tano juu ya kisiwa kidogo. Watu waliishi mahandakini. Halafu likaja jambo la ajabu: bara wakatangaza watapiga siku za witiri tu. Tarehe moja wanapiga, mbili wanapumzika, tatu wanapiga, nne unaweza kwenda shambani. Baadaye mabomu yenyewe yakawa yamejazwa karatasi za siasa badala ya baruti, lakini chuma ni chuma, kikikuangukia kinaua. Hali hiyo iliendelea miaka 20, mpaka siku Marekani ilipoitambua rasmi serikali ya Beijing, tarehe 1 Januari 1979.

Miaka 20, wasikilizaji. Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, anajua tarehe ya kulima na tarehe ya kujificha.

Sisi watu wa redio kuna kitu Kinmen kinachotuhusu. Kule Beishan, kijiji kile kile cha vita, mwaka 1967 walijenga ukuta wa zege unaoelekea bara, wakauwekea vipaza sauti 48. Arobaini na vinane! Sauti yake ilisikika kilomita 20 na zaidi kule ng'ambo. Wakapiga hotuba, wakapiga nyimbo za Teresa Teng, mwimbaji mwenye sauti laini aliyependwa na Wachina wote, wa bara na wa kisiwani. Ng'ambo nao walikuwa na vipaza sauti vyao. Kwa hiyo mvuvi aliyekuwa katikati alikuwa anasikiliza vituo viwili kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja alichoweza kukizima.

Na kwa wakulima wenzangu wa Handeni, nina hili la mtama. Kisiwa kile ni kikavu, upepo mwingi, mpunga hausitawi vizuri. Jenerali Hu Lian, yule yule wa vita, alipokuwa mtawala pale aliona askari wake wanakunywa pombe ya kununua nje. Mwaka 1952 akaanzisha kiwanda, akawaambia wenyeji: limeni mtama, nileteeni, uzito kwa uzito nawapa mchele. Kilo ya mtama kwa kilo ya mchele! Nani asingelima? Mabua wakawashia moto, punje zikawa pombe kali, na pombe ile mpaka leo ndiyo inayoingizia kisiwa fedha. Wahunzi nao waliokota vyuma vya mabomu wakafua visu vya jikoni, na watalii wanavinunua. Sina hakika wale waliokuwa wanapiga mizinga walikusudia kuwaletea wenzao malighafi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa ile tarehe. Bado unayo? 25 Oktoba.

Baada ya 1949 dunia ilibaki na serikali mbili, kila moja ikisema China ni mimi. Beijing ilikuwa na nchi na watu, Taipei ilikuwa na kiti cha China katika Umoja wa Mataifa. Kila mwaka kiti kile kilizungumzwa na kila mwaka Marekani ilikizuia. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 iliitambua Beijing, na baada ya Muungano Tanzania ikaendelea hivyo. Mwaka 1971 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio la kuirudishia Beijing kiti chake. Balozi wetu New York alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29 kutoka Zanzibar. Kura zikapigwa: 76 zikaunga mkono, 35 zikapinga. Wajumbe wa Afrika wakashangilia ukumbini, na Wamarekani wakaudhika waziwazi.

Kura hiyo ilipigwa tarehe 25 Oktoba 1971. Siku ile ile ambayo, miaka 22 nyuma, mashua zilikaa mchangani Kinmen. Kilichokwama ufukweni kwa jeshi, nusu yake kilivuka kwa kura, na mkono mmojawapo uliokivusha ulikuwa wetu.

Hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, mara baada ya mara. China ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, mara baada ya mara, ikimtetea Salim. Wote wawili wakajitoa, kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa hiyo msikilizaji uliyeuliza tuko upande gani: Tanzania inaitambua China moja, ya Beijing, na haijabadilika. Maoni yangu mimi, kama mnayataka, ni kwamba kura ya 1971 ilikuwa ya haki, kwa sababu huwezi kuwaacha watu mamia ya milioni nje ya mlango. Lakini watu wa Kinmen nao ni watu, na hakuna ukumbi uliowauliza wao.

Maana hilo tusilipite haraka. Kabla ya 1949 mtu wa Kinmen alikwenda Xiamen asubuhi kuuza samaki akarudi jioni. Dada ameolewa ng'ambo, kaka anasoma ng'ambo. Baada ya vita, basi. Aliyekuwa sokoni siku ile alibaki huko. Taiwan ilianza kuwaruhusu watu kwenda kuwaona ndugu zao bara mwaka 1987. Ndiyo kusema miaka 38. Boti za abiria kati ya Kinmen na Xiamen zilirudi mwaka 2001, na safari yenyewe haizidi saa moja.

Mtu wa Handeni haambiwi hili kwa mafumbo. Nendeni Chogo mkawaulize Wazigua waliotoka Somalia. Babu zao walitoka huku karne ya 19, njaa na biashara ya watumwa vikawapeleka mpaka mto Juba, wakakaa huko vizazi na vizazi, na Kizigua hawakukiacha. Vita ya Somalia ya 1991 ilipowafukuza, walipanda vyombo wakaja kwa bahari mpaka mkoa wetu wa Tanga, wakakaa kambini Mkuyu hapo Handeni, na tangu 2003 wako Chogo, wengi sasa wakiwa raia. Wao maji yaliwapitisha. Nilipowasikia vikongwe wao wakiongea na vikongwe wa Handeni, tofauti ilikuwa ya maneno machache tu na lafudhi.

Naona fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nataka tukae kwenye mto wetu wenyewe. Wazee wa Maurui na Korogwe mnaokumbuka mliyoambiwa na bibi zenu kuhusu vile visiwa, nani aliishi wapi, watu walivukaje, kisiwa gani kilihamwa lini, tupigieni simu au mtumeni mjukuu aandike ujumbe. Tutawaita hewani. Na wewe mzee uliyekuwa unatikisa kichwa, nakusubiri wewe kwanza.